Jina Langu la Ndani Lisiitwe na Mji Mzima

Kwa Mkuu wa Kitengo cha Tovuti,
Idara ya Maji.

Ndugu Mkuu,

YAH: KUSAMBAZWA KWA JINA LANGU LA NDANI KWA WATEJA WOTE WA MAJI

Kichwa cha habari hapo juu chahusika, na mimi mwenyewe nahusika zaidi. Natumaini u mzima wa afya na ofisi yako ni kavu, tofauti na kibanda changu cha cherehani ambacho tangu wiki iliyopita kina maji. Nitafika huko kwenye maji.

Mimi ni mke wa mtaalamu wako wa programu, yule anayekaa karibu na dirisha lisilofungika na kusahau chai mpaka ipoe. Ni mtu mwema. Sikuandikii ili afukuzwe kazi, ila ikibidi aogopeshwe kidogo sitapinga. Malalamiko yangu ni haya:

1. Wiki iliyopita, asubuhi, bomba lilipasuka mbele ya kibanda changu, maji yakaingia hadi chini ya cherehani. Nikakimbilia simu, nikafungua tovuti yenu ili niripoti. Sijawahi kujisajili humo, wala sikuandika jina popote. Ukurasa ukafunguka, ukaniambia: “Karibu, Kiberiti. Tukusaidie nini leo?”

Ndugu Mkuu, Kiberiti ni mimi. Mume wangu alinipa jina hilo tukiwa wachumba, kwa sababu, alisema, mimi ni mdogo, nakaa kimya, na nikiguswa vibaya nawaka. Hutamkwa nyumbani kwetu tu, tena mlango ukiwa umefungwa. Sitakuficha, nilifurahi hadi nikasahau maji. Nilidhani amenitengenezea ukurasa wangu peke yangu. Kwa kujidai nikamwonyesha mama mmoja aliyekuwa akisubiri gauni lake. Akatoa simu yake, akafungua, akashangaa mbona naye ni Kiberiti. Fundi viatu wa jirani, mwanamume mwenye ndevu hadi kifuani, akafungua yake. Kiberiti.

2. Jioni nilimkalisha mume wangu kitako. Akanieleza kwa utulivu, kama vile hakuna kilichoharibika, kwamba tovuti yenu imejengwa kwa Python, lugha ya kuandikia programu, na kwamba wataalamu hawaandiki kitu kilekile kila ukurasa. Kipande kinachojirudia, kiwe kitufe, kisanduku au salamu, huandikwa mara moja kwenye kiolezo na kupewa jina. Kipande hicho ndicho makro. Ikishasajiliwa kwenye programu nzima, ukurasa wowote unaiita tu, nayo inakuja. Hapo sina ugomvi. Mimi mwenyewe nina karatasi moja ya kukatia kola, na kola za sare za shule nzima zimetoka humo. Lakini sijawahi kuandika jina la utani la mume wangu kwenye karatasi ile likatokea shingoni mwa watoto wa watu.

3. Makro ya salamu hudai jina la mgeni. Mgeni asipojitambulisha, inachukua jina la akiba, lile ambalo fundi aliliweka kwenye mabano siku ya kuitengeneza. Mume wangu anasema siku hiyo alikuwa anajaribu tu, alitaka jina lolote, kisha akasahau kulitoa. Jina lolote! Nimeolewa mbele ya kadamnasi ya watu, na picha zipo. Leo niko benchi na wachezaji wa akiba, nangoja mtu aache kujaza jina lake ndipo niingie uwanjani.

4. Na kwa kuwa makro imesajiliwa kila mahali, natokea kila mahali. Niko kwenye ukurasa wa malipo. Niko kwa waliosahau nywila. Niko hata kwenye ilani: “Ndugu Kiberiti, huduma yako ya maji itasitishwa.” Ilani hiyo ilimtokea baba mkwe alipokuwa anaangalia mita yake, maana hakujaza jina, kwani haamini mashine. Akamwomba mtu amchapishie, akaikunja vizuri, akaniletea hadi kibandani, akaniambia kwa upole kwamba kama tumekwama nisione haya kusema. Maana yake mzee alikuwa analijua jina hilo. Maana yake pia ni kwamba kuta za chumba tulichokaa kwake tulipooana zilikuwa nyembamba, na kule kukohoa kwake hakukuwa mafua. Tangu siku hiyo nikimwamkia naangalia viatu vyangu.

5. Mtaani sasa watu wanaitana Kiberiti. Muuza mkate akipita anamwita hivyo fundi viatu, naye anaitika bila aibu, “Naam, Kiberiti mwenzangu.” Likitajwa nageuka, na mtaa mzima unageuka pamoja nami.

6. Hili la mwisho sikutaka kuliandika. Tangu makro hiyo isajiliwe, nyumbani siitwi tena jina hilo. Naitwa “sikia”. Naitwa “wewe, umeona chaja yangu?” Nilipouliza kulikoni, akanijibu kwa mzaha kwamba ofisini kwenu ni mwiko kuandika kitu mara mbili. Kikishawekwa mahali pamoja, kinatosha. Akacheka. Mimi sikucheka. Inaniuma, Ndugu Mkuu. Jina langu limehama nyumbani, limeajiriwa kwako, linawakaribisha watu waliopotewa na nywila, na mimi niliyepewa nimebaki na “sikia”.

Kwa hayo yote, naomba kwa heshima yafuatayo. Kwanza, jina langu liondolewe leo hii. Pili, kwa kuwa salamu haiwezi kukaa bila jina, kila mkazi apewe jina lake la ndani na mwenzi wake, kwa maandishi, mbele ya shahidi asiyecheka. Wasio na wenzi, idara iwatumie mtumishi akae nao kutwa nzima, awaangalie wanavyokasirika, ndipo awape jina linalowafaa. Tatu, makro zote zipigwe marufuku. Salamu ya kila ukurasa iandikwe upya kwa vidole vya mtu, moja baada ya nyingine, na huyo anayeandika awe anamfikiria mgeni kwelikweli. Najua itachukua miaka. Haraka ya nini, nanyi bomba langu mnalo tangu wiki iliyopita? Nne, ibakizwe makro moja tu, yenye jina langu, isiyosajiliwa popote isipokuwa mlangoni kwetu, iitwe kila jioni mume wangu anapoingia, kabla hajaulizia chaja.

Nisalimie dada wa mapokezi, ambaye kila nikipiga simu ananiambia nisikate, kisha anakata yeye. Wasalimie mlinzi wa getini, mama anayepika hiyo chai inayopoa, na dereva wa gari la mafundi wa mabomba, siku akipatikana. Mume wangu usimsalimie. Tutaonana jioni.

Wako katika kuvuja na kusubiri,

Fundi cherehani,
mke wa mtumishi wako
(jina mnalo).

Nyongeza: Barua ilikuwa tayari kwenye bahasha nilipofungua tovuti kuona kama bomba langu limefikiriwa. Ukurasa ukaniambia: “Karibu, Mteja.” Nikafungua wa malipo: Mteja. Wa nywila: Mteja. Kumbe mume wangu alibadilisha mahali pamoja tu leo asubuhi, na kurasa zote zikafuata. Basi nimeshinda. Nilikaa na ushindi wangu pale kwenye cherehani, na sikuupenda hata kidogo. Fundi viatu alikuja kuuliza nani kamnyang’anya jina lake. Baba mkwe alipiga simu, akakohoa, akauliza kama tumegombana.

Mume wangu aliporudi nilimuuliza kitu nilichosahau kumuuliza jioni ile nilipokuwa nawaka: alipotaka jina lolote tu, jina la kujaribia, kwa nini vidole vyake viliandika hilo? Akanitazama kwa mshangao wa kweli, chaja mkononi, akasema, “Sasa lingekuja lipi, Kiberiti?”

Kwa hiyo naomba madai yangu yafutwe. La nne limeshatekelezwa. Jina lirudishwe kwenye mabano yake, na mji mzima uitwe hivyo, hata kwenye ilani. Nimeambiwa ukiwa na makro hiyo ni kazi ya kuandika mara moja tu. Bomba bado linavuja.