Kuganda kwa Tanoa

Jumatatu, 6 Novemba. Suva.

Tanoa imeganda tena. Haikuanguka, haikulalamika. Imesimama tu, macho wazi, haimpokei mtu. Ni programu yetu huria: inawapokea wageni wa mtandao na kuwagawa kwa seva zilizo nyuma yake, kila moja kwa zamu, kama yaqona, kinywaji chetu cha mizizi, inavyogawiwa kutoka kwenye bakuli lenye jina hilohilo. Nyuma yake sasa kuna ukurasa wa tahadhari za vimbunga, na msimu umeshaanza. Vilimone, kiongozi wetu sisi wajitoleaji, amekumbusha desturi: atakayetibu hitilafu hii ndiye atakayelichagulia jina toleo jipya.

Jina ninalo. Tabiang, kijiji cha mama kule Banaba, kisiwa kilichochimbwa mbolea mpaka kikabaki mifupa. Nilitolewa huko nikiwa mtoto wa kubebwa. Nataka kila mashine duniani ilitamke.

Kikwazo ni kimoja. Ranjila, mjitoleaji mwenzangu. Ana nusu ya umri wangu na akili mara mbili. Akishinda, toleo litaitwa Motu, kama paka wake. Paka!

Hila: nimemwambia, kwa sauti yangu ya fundi mstaafu wa mitambo ya simu, kwamba tatizo ni joto. Ameenda kufungua seva ya majaribio. Vizuri. Ahangaike.

Jumanne, 7 Novemba.

Amekuta feni imekufa kweli. Amenishukuru mbele ya wote. Vilimone akasema mzee ana pua. Seva sasa ni baridi kama kaburi, na Tanoa imeganda humohumo kwenye baridi. Hata nikimpoteza njia, huyu mwanamke anafika.

Jumatano, 8 Novemba.

USHINDI. Ili niione ikiganda, niliongeza mistari michache kwenye programu: kila hatua iandike imefanya nini. Nikaimwagia umati wa wageni bandia. Haikuganda. Nikaongeza umati. Imesimama imara! Sijui nimeitibu vipi, lakini nani anauliza?

Ranjila aliuliza. Nikasema ni uzoefu.

Nimenunua keki ya muhogo. Nimetoa hotuba fupi kuhusu Tabiang: mapango ya maji walimoingia wanawake peke yao, na mama aliyeyajua kwa majina mpaka siku anakufa. Ranjila aliacha kutafuna.

Alhamisi, 9 Novemba.

Vilimone ameiondoa mistari yangu. Eti inajaza diski. Tanoa ikaganda kabla keki ya jana haijaisha. Nilitamka kwamba hii ni hitilafu mpya kabisa. Mtu mmoja akakohoa.

Ranjila hakucheka. Alisema hiyo ndiyo habari njema ya wiki nzima: kama kuandika tu kunaiponya, basi ugonjwa ni wa mwendo. Mistari yangu iliichelewesha kidogo, na mambo mawili yanayogongana ndani yake yakapishana. Sasa ataiacha imeganda vilevile na kuipima ikiwa katika hali hiyo. Mtu yeyote asiiguse. Kisha akatoka kununua chapati za roti.

Nilibaki na mgonjwa. Nilitaka kuchungulia tu, niwahi jibu kabla yake. Lakini vidole hivi vimeishi na mitambo ya simu, na mtambo ukikwama vidole vinajua dawa moja: zima, washa. Tanoa ikaamka mchangamfu, haikumbuki lolote. Ushahidi wote umekwenda.

Ranjila aliporudi nikamwambia umeme ulikatika. Aliitazama feni ya darini inayozunguka, saa ya ukutani inayotembea, kisha mimi.

“Itaganda tena, mzee,” akasema. “Njoo tule.”

Ikaganda tena. Safari hii alikaa mbele yake mwenyewe, akaiuliza kila kazi inayoendelea ndani: umeshika nini, na unasubiri nini? Sijawahi kuona subira ya namna ile. Mimi huwinda hitilafu kwa rungu. Yeye huifanyia mahojiano.

Ijumaa, 10 Novemba.

Amelipata jibu. Alitueleza tukiwa tumezunguka bakuli la yaqona. Alichukua kifuu cha kunywea, akalisukuma bakuli mapajani mwa Vilimone. Akamwambia asiliachie mpaka apewe kifuu. Na yeye hataachia kifuu mpaka apewe bakuli.

“Haya,” akasema, “mpeni mzee yaqona.”

Tukakaa. Vilimone kalikumbatia bakuli, Ranjila kaking’ang’ania kifuu, kila mmoja anamsubiri mwenzake kwa adabu kubwa. Hakuna aliyekosea, na koo zetu kavu.

Ndicho kilichokuwa ndani ya Tanoa. Kazi mbili, kufuli mbili, na kila kufuli hushikwa na kazi moja tu kwa wakati. Moja ilianza na bakuli, nyingine ilianza na kifuu. Wageni wakiwa wachache zilipishana. Wakizidi, kila moja ilishika chake na kungoja milele. Dawa yake: wote waanze na bakuli. Mistari miwili imebadilishana nafasi. Basi! Nimeishi na mitambo maisha yangu yote na sijaona kitu kizuri kama hiyo mistari miwili. Nimeisoma mara kadhaa, kwa raha tu.

Tuliimwagia umati wote tulioweza. Haikuganda. Ukurasa wa vimbunga uko salama.

Vilimone akauliza jina. Niliandaa uso wa kumpongeza paka.

Ranjila akasema: Tabiang.

Nikamuuliza, na Motu je?

“Motu bado ana kwao, mzee.”

Nilipenga kamasi. Nikasema ni ukali wa yaqona.

Jumatatu, 13 Novemba.

Toleo la Tabiang limetoka. Asubuhi limepakuliwa Norwe, kisha Peru. Nimekaa nikitazama nchi zikiongezeka. Mama angeuliza Peru ni kwa nani.

Mchana, nikiijaribu nyumbani, nimegundua jambo. Ukiiamuru Tanoa ijizime huku wageni wangali ndani, mara nyingine inaganda. Ranjila hajaliona. Nilifikiria kumpigia. Nikaona nisimsumbue, amechoka.

Nimeongeza mstari mmoja tu wa kuandika kinachoendelea. Imetulia kabisa. Nadhani nimeitibu.

Kesho nitatangaza. Keki nimeshaagiza. Banaba ilikuwa na vijiji vinne, na bado Uma, Tabwewa na Buakonikai.