Mke Wangu wa Sinema

Jumatatu, 6 Juni 1955. Ipogolo, Iringa.

Baridi kali. Posa imekataliwa. Baba mdogo Ezekia amerudi kutoka kwa Mzee Bartholomeo, baba yake Matilda, na jembe la posa bado liko begani. Hata kiti hakupewa. Mzee ni katekista, na amesema hamwozi binti yake kwa mlevi, mwizi na mvivu.

Mlevi! Mimi, nisiyegusa hata togwa iliyolala!

Kosa ni la sinema. Jumamosi lilipita gari la sinema, likatundika shuka lake uwanjani, na Mzee akakaa mstari wa mbele. Akaniona kwa macho yake: nimelewa, nimeuza ng'ombe, nampiga mbuzi teke. Baba mdogo alimweleza kuwa ule ni mchezo tu, Serikali inafundisha watu. Mzee akauliza kama yule si Ambrosi fundi viatu. Ndiye. Na miguu ile si yake? Ni yake. Basi!

Halafu akakumbushia ya mwaka jana, nilipokufa kwenye picha kwa kutochimba choo. Eti Mungu alinifufua nipate kutubu, nami nikaenda moja kwa moja kuiba kuku. Lazaro hakuiba kuku, alisema.

Filamu kumi na moja! Nani mwingine nyanda hizi? Mvivu mara tatu, mwizi mara tatu, mlevi mara nne, maiti mara moja. Kule Makongolosi wachimba dhahabu walinirushia viazi pale pale kwenye shuka. Umaarufu gani tena unautaka? Lakini umaarufu hauozeshi mtu. Nampenda Matilda mpaka najichoma kwa shazia ya kushonea viatu.

Jumanne, 7 Juni.

Leo niandike juu ya Edmund. Karani wa posta. Hajashika jembe tangu azaliwe. Lakini kila picha yeye ndiye Mkulima Bora, kwa sababu ya meno! Shati jeupe, kofia, mahindi marefu nyuma yake. Mzee Bartholomeo humvulia kofia njiani. Juzi alimwomba shauri la viazi vyake vilivyooza. Na Edmund akampa shauri! Namwona pia anavyompa Matilda stempu za bure. Matilda hana wa kumwandikia.

Keshokutwa tunapiga picha mpya hapa hapa Ipogolo, ya matuta ya kuzuia udongo usichukuliwe na mvua. Mkulima Bora: Edmund. Mkulima Mpuuzi: mimi. Nimekwenda kwa Bwana Picha, yule Mzungu wa sinema, nikamwomba tubadilishane. Akanitazama sana. Akasema uso wangu ni kama shamba lililokwisha kuchukuliwa na maji, na ni hazina kubwa. Nikamshukuru. Nimefika nyumbani ndipo nimekasirika.

Jumatano, 8 Juni.

Mpango umepatikana. Kibuyu kimoja cha ulanzi, pombe ya mianzi. Sisemi zaidi, karatasi nazo zina masikio.

Nimemwalika Mzee Bartholomeo aje kesho kutazama. Akiniona Mkulima Bora, ameniona!

Alhamisi, 9 Juni.

Ushindi! Halafu maafa.

Saa tatu Edmund alifika, kapiga pasi mpaka soksi. Nilimpa kibuyu, nikamwambia ulanzi umegemwa asubuhi, ni mtamu tu, hata watoto wanakunywa. Ulikuwa wa siku nne. Alikunywa, akausifu, akaomba tena. Saa nne alikuwa amelikumbatia tuta la Serikali anamwita mama yake.

Nilitegemea afukuzwe. Bwana Picha akaruka kwa furaha! Eti miaka minne anatafuta mlevi wa namna hii, na ulevi wangu mimi siku zote ulikuwa wa kubabaisha. Wa kubabaisha! Nilimeza. Shati jeupe nikapewa mimi. Linabana kwapani, lakini nani anajali?

Sasa, Mkulima Bora ana familia. Mke ni Esta, mke wa Timotheo fundi baiskeli wa mjini, na watoto ni wao watatu. Timotheo mwenyewe alikuwepo, ameshikilia mwavuli wa kamera, anacheka. Kazi yetu ilikuwa kukaa mbele ya nyumba, kula viazi na kuyatazama matuta kwa furaha. Basi.

Mara nikamwona Mzee Bartholomeo kati ya watazamaji, Matilda nyuma yake. Nikasema moyoni, leo atajua baba wa familia ni mtu gani! Nikammenyea Esta kiazi, nikamlisha kwa mkono wangu. Nikampakata mtoto mdogo, nikamfuta kamasi. Watoto nilikuwa nimewahonga karanga waniite Baba kwa nguvu. Bwana Picha alitukumbusha kuwa picha haina sauti. Lakini mchezo ni moyo! Walipiga kelele Baba, Baba, wakasikika hadi ng'ambo ya mto.

Mzee akashika kichwa. Akaondoka bila kuaga. Njiani alisimama kwenye tuta la Edmund, akapiga magoti, akamwombea.

Ijumaa, 10 Juni.

Nimekwisha. Mzee amemwita baba mdogo na kumuuliza mimi nina roho ya namna gani. Mke na watoto watatu, na bado natuma jembe la posa kwa watu! Baba mdogo akajitetea tena kwamba ni mchezo. Mzee akajibu kuwa mtoto mdogo hadanganyi kuhusu baba yake, na tena yule wa kati tumefanana masikio. Nimekwenda kuyatazama. Si kweli. Yangu ni mazuri zaidi.

Na Edmund? Mzee amemchukua nyumbani kwake, anampa chai ya tangawizi! Eti mbinguni wanafurahi kwa mkosefu mmoja anayetubu. Sasa Edmund ameahidi kwenda kutubu kila jioni. Kila jioni! Amelewa mara moja tu! Tena kwa ulanzi wangu!

Jumapili, 12 Juni.

Baada ya Misa Matilda alinivuta ukutani mwa kanisa. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa khanga. Halafu akaacha kucheka. Edmund ameleta posa, na Mzee atajibu Jumapili ijayo. Matilda hamtaki, eti mikono ya Edmund ni laini kama ya mtoto mchanga. Ananitaka mimi, ingawa hajui kwa nini.

Akanipa shauri. Nimchukue Timotheo, nimchukue Esta na cheti chao cha ndoa, twende wote kwa baba yake leo leo jioni, nieleze ukweli wote pamoja na ule wa kibuyu, niombe radhi, yaishe. Hata chai atakuwa ameteleka.

Nimelifikiria shauri hilo wakati wa kula. Nimelikataa. Mchezaji wa filamu kumi na mbili azunguke na cheti cha ndoa ya watu? Matilda ni msichana mzuri, lakini sinema haijui. Mzee haamini maneno, anaamini macho. Yaliyoharibiwa na sinema yatatengenezwa na sinema. Jioni sikwenda.

Jumatatu, 13 Juni.

Nina furaha kubwa! Bwana Picha anaanza picha mpya ya faida za kuchemsha maji. Anatafuta mama wa kunywa maji ya mtoni akafa. Nimempa Esta. Timotheo amekubali, nitamtilia viatu soli mpya. Esta mwenyewe amefurahi, ameomba tu afe amelalia upande wa kulia, maana shavu la kushoto ndilo zuri. Mimi ndiye mume. Nitalia vizuri sana. Watoto nao watalia, karanga nimenunua tayari. Na mgane anaruhusiwa kuoa, Kanisa lenyewe linasema!

Atakufa Alhamisi saa nne, jua likiwa zuri. Nimekwisha kumpelekea Mzee Bartholomeo habari za msiba, na nimemwomba aje atuongoze katika sala.