Mwitaliano wa Chini ya Ngome

Jumatatu, 4 Agosti 1958

Mgongo umekufa. Pareto ni ua dogo, lakini linamwinamisha mtu mzima kutwa nzima. Nyapara Kiptanui anasema nachuma kama mtu anayeaga kila ua kwa mkono.

Obura je? Yuko kivulini. Kazi yake ni kuwatembeza wageni ndani ya ngome ya mawe aliyoijenga marehemu bwana. Memsabu ameigeuza kuwa nyumba ya makumbusho. Obura ana koti la vifungo vya shaba. Ana viatu! Anakunywa chai ya jikoni kwa memsabu! Anaonyesha panga na vichwa vya nyati, kisha anawashusha watu chini ya ardhi, walikofungiwa mateka wa Kiitaliano wakati wa vita. Basi.

Kazi hiyo ni yangu. Obura hajajua tu.

Jumanne, 5 Agosti

Nimemvizia memsabu penye tangi la maji. Nimemwambia akina mama wa kanisa la kwetu, Kimilili, wana mkutano Nakuru wiki hii. Wangefurahi sana kuona ngome. Ila Kiswahili chao ni kidogo. Wanahitaji mtu wa kuwaeleza kwa Kibukusu. Obura ni Mjaluo, maskini.

Amekubali! Wapitie Jumamosi. Nikiwatembeza vizuri, natoka kwenye pareto, nakuwa mtu wa ngome pamoja na Obura.

Wala si mgongo peke yake. Mama mkwe wangu, Mama Rahab, husema hadharani kwamba binti yake Nabalayo aliolewa na kivuli. Sasa akina mama watarudi nyumbani na habari. Atasikia kivuli kimevaa koti.

Jumatano, 6 Agosti

Kuna kasoro. Sijawahi kuingia ngomeni. Nimemwomba Obura anionyeshe. Alicheka mpaka akashika ukuta. Akaniuliza nilitaka kuwaonyesha wageni nini, mlango?

Lakini alinipeleka. Chini kuna baridi. Chumba kina kidirisha cha vyuma, kitanda cha mbao na blanketi la kijivu. Ukutani Mwitaliano mmoja alichora kwa msumari: nyumba ndogo, mti, mwanamke mlangoni. Obura akasema huyo alikufa kwa homa humohumo, vita vikikaribia kwisha. Kwao hakurudi.

Nilimtazama yule mwanamke wa mlangoni. Nabalayo husimama vilevile, bega moja ukutani. Obura akaniuliza kama nalia. Nikasema ni vumbi.

Hata hivyo hadithi ni fupi mno. Nitaongeza simba.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimefanya mazoezi mbele ya ng'ombe wa memsabu. Simba sasa ni wawili. Obura amekubali kuniazima koti, kwa sharti nisitokwe jasho ndani yake. Huyu mtu anaringa!

Jumamosi, 9 Agosti

Balaa!

Lori la kanisa lilifika likiwa limejaa nyimbo. Nilisimama mlangoni, kifua mbele, vifungo vinawaka. Mama wa kwanza akashuka, mwenyekiti wao, kitambaa cheupe kichwani.

Mama Rahab. Mwenyewe!

Kwetu mtu na mama mkwe wake hawaonani uso kwa uso. Wakikutana njiani, mmoja huingia majanini. Hapa majani yako wapi? Mawe matupu! Niligeuka, nikakimbia, nikashuka ngazi, nikajitupa kitandani kwa Mwitaliano, blanketi mpaka kichwani.

Niliwaza watachoka na nyati, waondoke. Hawakuchoka. Nikasikia Obura akiwashusha kwa Kiswahili chake. Mama mmoja akauliza mbona blanketi limevimba. Wajaluo nao wana heshima hiyohiyo ya wakwe, na Obura alishaona nilivyokimbia. Akawaambia ni sanamu ya Mwitaliano aliyefia humo, memsabu hataki iguswe. Mungu ambariki Obura. Mimi sitamwambia.

Mama Rahab akasema hawezi kupita mahali mtu alipofia ugenini bila kuomba. Akaomba. Huyo mama anajua kuomba! Akamwombea Mwitaliano, akamwombea mama yake aliyemngoja bure. Nikalowa machozi. Kisha akamwombea mkwewe Wasike, aliyepotelea katika mashamba haya, Mungu amrudishie akili, kama aliwahi kumpa.

Ombi lilikuwa zuri sana. Nikasema, "Amina."

Sijui walipandaje ngazi zile wote kwa pamoja. Kiatu kimoja kilibaki. Nje, Obura akiwaeleza, kelele ziligeuka kidogo kidogo kuwa kicheko, kicheko cha kanisa zima. Kisha nikaona kivuli kidirishani. Mama Rahab alikuwa amesimama nje, amenipa mgongo kabisa, anazungumza na Obura kwa sauti ya kuvuka mto.

"Baba, mwambie huyo Mwitaliano wako, Nabalayo anakuja baada ya mavuno. Amechoka kusimama mlangoni. Na mwambie koti limempendeza."

Obura aliposhuka kunieleza, nilikuwa nimeshasikia. Nikamwomba arudie.

Jumapili, 10 Agosti

Memsabu amesema hajawahi kuona wageni wakiondoka na furaha vile. Kazi ya ngome ni ya Obura peke yake. Mimi kesho pareto. Koti nimerudisha. Lina jasho.

Sijali! Nabalayo anakuja! Nimemkaribisha Obura, nitachinja jogoo siku hiyo, nikipata jogoo.

Tena nimepata wazo. Wageni walifurahishwa na nani? Na Obura? Hapana, na Mwitaliano. Kwa hiyo kila Jumamosi ngome inahitaji Mwitaliano, na kazi yenyewe ni kulala chali. Imeumbwa kwa mgongo wangu! Sitamwambia memsabu kwanza, ajionee mwenyewe. Jumamosi ijayo padri wa Kiitaliano anatoka Nakuru kuja kumwombea Mwitaliano marehemu. Nitakuwa chini ya blanketi mapema. Akimaliza, nitaitikia polepole, kwa sauti nzito.

Atafurahi sana. Ametoka mbali, na hana ndugu huku.