Seli Zangu Nyekundu Kutoka Eyasi

Jamani, leo nimepatikana. Hapa ninapoandika uso bado unawaka.

Kwa msiojua kazi yangu: nipo kwenye maabara moja ndogo hapa Karatu, na kazi yenyewe ni kuwinda. Siyo swala. Nawinda seli. Tunaletewa maji ya chumvi kutoka Ziwa Eyasi, nayamwaga kidogo kwenye sahani ya kioo, nainama kwenye hadubini. Humo kuna mwani mdogo sana, kila mmoja ni seli moja tu, hai, inaogelea. Karibu zote ni za kijani. Mara moja moja sana inapita nyekundu. Hiyo ndiyo inayotakiwa. Unaivuta kwa kimrija cha kioo, unaihamishia kwenye kishimo chake peke yake, izaliane humo.

Sasa, mimi nipo kwenye majaribio ya kazi, na majaribio yanaisha leo. Ijumaa bosi wetu, Dokta Zuhura (mtu wa Tanga, sauti laini hata akikugombeza), aliniita. "Paskalina mdogo wangu, nitafutie hata moja nyekundu. Bila hiyo sina cha kuwaambia wakubwa wakupe ajira." Hata moja! Na mama yangu alishatangaza kwa jumuiya nzima kwamba binti yake ni mwanasayansi. Nisipoajiriwa, nitapitia wapi kwenda kanisani?

Wikiendi nilikuwa Mang'ola kwa shangazi, kumsaidia kuvuna vitunguu. Leo alfajiri nikadandia lori, juu ya magunia, maana mbele kulikuwa kumejaa. Nikashukia kazini moja kwa moja. Nikanawa mikono mpaka viwiko kama sheria inavyotaka, nikavaa koti jeupe, nikakaa.

Mwenzangu Elibariki akanitazama. "Dada Paska, umepaka hina kichwani?"

"Hina ya nini?"

"Sijui. Ila imekukaa."

Nikasema asante. (Ukisifiwa Jumatatu asubuhi unapokea tu.)

Sahani ya kwanza: kijani, kijani, kijani. Halafu kulikuwa na vitu fulani vya rangi ya juisi ya maembe, vinakatiza huku na huku, vinanivuruga macho. Mimi nimeambiwa nyekundu. Na mtoto wa Karatu ukimwambia nyekundu anaijua moja tu, ile ya udongo wa shambani kwao. Hivi vya maembe nikaviona takataka. Nikawa navinyonya na kuvimwaga kwenye chupa ya taka ili nifanye kazi kwa amani.

Ndipo ikatokea. Nyekundu! Nyekundu kabisa! Na inatetemeka!

Nikaivuta, nikaiweka kwenye kishimo. Nikainama tena: nyingine. Nikaitoa. Nikainama: zipo tatu! Hapo nikaanza kuchanganyikiwa. Nikienda kunywa maji, nikirudi nakuta zile zile. Nikiinama kidogo tu, zimeongezeka. Akikaa Eli, haiongezeki hata moja.

"Zinakupenda wewe," akasema Eli, naye macho yamemtoka. "Labda ni pumzi yako."

Nikazipumulia. (Ndiyo, nilipumulia sahani ya maabara. Tuendelee.) Zikaongezeka!

Sikuelewa kitu, lakini furaha nayo haisubiri uelewe. Nikamwita Dokta Zuhura. Akaangalia vishimo vyangu vimejaa, akakunja uso. "Mbona haziendi popote? Zinatetemeka tu pale pale."

"Zimechoka, Dokta. Safari ya Eyasi ni ndefu."

Akasema ngoja. Akampigia Profesa wake wa Dar kwa video, akaunganisha hadubini na kioo kikubwa cha runinga ya ukutani ili aone kila kitu. Wahasibu wakaja. Mlinzi akaja. Dereva akaja na chai yake mkononi.

"Haya binti," akasema Profesa, "chukua sahani mpya, inama kama unavyofanya siku zote, tuone."

Nikainama kwa madaha. Kwenye kioo, maji masafi, kijani kidogo kinaogelea. Kisha kutoka juu, pole pole, likashuka dude jekundu kubwa kama mlima wa Oldeani. Likatua katikati ya sahani. Likaanza kutetemeka.

"Inazaa!" nikapiga kelele. "Mmeona? Inazaa!"

Profesa akasogea karibu na kamera yake.

"Binti," akasema Profesa, "hebu tikisa kichwa kidogo."

Nikatikisa. Jamani, kioo kizima kikawa chekundu. Ilikuwa mvua! Vumbi la njia ya Mang'ola, lote nililolibeba kwenye nywele, linamwagika mbele ya msomi na dereva na chai yake. Na kumbe kitu chochote kidogo namna hiyo kikiwa ndani ya maji kinatetemeka, hata kama ni vumbi. Sisi hapa vumbi hatulioni tena, tumezaliwa nalo. Eli aliona hina!

Nilitamani ardhi inimeze.

Dokta Zuhura hakucheka. Aliniuliza kwa ile sauti laini: "Paskalina, hukuona zozote za rangi ya machungwa? Zinazoogelea, zinakatiza?"

"Zile za maembe?"

"Ndizo tunazoziita nyekundu, mdogo wangu. Umeziweka wapi?"

Nikaitazama chupa ya taka. Watu wote wakageuka wakaitazama chupa ya taka. Kwa hiyo asubuhi nzima nilikuwa natupa seli na kutunza vumbi, tena kila vumbi na kishimo chake!

Bahati yangu nilikuwa bado sijamimina dawa ya kuua vijidudu humo. Nikapelekwa bombani kuoshwa kichwa kama mtoto, nikavalishwa kofia ya plastiki ya kuogea, nikarudishwa kwenye kiti na chupa yangu. Nikatafuta mpaka shingo ikakakamaa. Jioni hii nimepata moja. Moja! Iko kwenye kishimo chake, inazunguka vizuri tu, na Dokta amesema ajira ninayo.

Nawaomba tu mchekee huko huko mliko. Eli amechekea hapa mezani, sahani ikatikisika, na ya pili niliyokuwa naikaribia imenipotea.