Nta ya Shangazi

Jumatatu, 3 Machi
Farasi wetu jike ana mimba ya miezi kumi na moja. Tunamwita Shangazi, kwa jinsi anavyokutazama ukikosea. Aliachwa na marehemu baba mkwe. Shemeji, kaka wa mke wangu, anataka azalie kwake. Eti mimi sijui kutunza hata jogoo. Mke wangu kaamua: akizaa salama mikononi mwangu, anabaki. Nikizembea, anaondoka.
Mpango wangu ni usafi. Hapo shemeji hanipati.

Jumanne, 4 Machi
Banda nimelifagia mara tatu, nikatandika nyasi kavu mpya. Daktari wa mifugo kasifu. Kisha akaeleza jambo kuhusu chuchu. Nilikuwa nasugua ndoo, sikulidaka. Si kitu, mke wangu na shemeji walikuwa wanasikiliza.

Jumatano, 5 Machi
Chuchu zimegandwa na uchafu wa manjano. Aibu iliyoje! Nimefuta kwa maji ya uvuguvugu. Teke moja la paja. Mchana shemeji kachungulia, akasema nta hamna, kuzaa bado. Nikaafiki kwa sauti ya mtaalamu. Daktari akaambiwa asije.

Alhamisi, 6 Machi
Uchafu umerudi. Nimefuta tena. Saa nne asubuhi nikatoka kusuuza kitambaa. Kurudi, wako wawili.
Kitoto kilisimama ndani ya saa moja, miguu ikibishana. Kikanyonya. Nikajikuta nalia, sijui kwa nini.
Mke wangu akauliza mbona nta ya chuchuni, ile dalili ya kuzaa, haikuonekana. Nikauliza nta gani. Akakichukua kitambaa changu, kimejaa manjano.
“Mwanaume wewe, ulikuwa unafuta barua kabla hatujaisoma.”
Daktari, aliyeitwa mbio, akadai aone kondo la nyuma: kipande kikibaki tumboni, Shangazi anaweza kufa. Nilikuwa nimeshalizika. Shemeji akachimba kwa mikono. Tukalitandaza majanini kama shati. Zima. Akaenda kumkumbatia Shangazi shingoni. Hakuwa anashindana na mimi; alikuwa anamwogopea farasi wa baba yake. Hilo sikuwahi kuliwaza.
Shangazi anabaki. Ila shemeji atakuja kila siku.

Ijumaa, 7 Machi
Nimemkuta shemeji amechuchumaa nyuma ya kitoto, macho mekundu. Daktari kamwagiza asiondoke mpaka aone kinyesi cha kwanza, cheusi. Kisipotoka, matumbo yameziba. Tangu afike hajaona kitu. Nimemhurumia, nikamsihi akapumzike. Asihofu uchafu wowote: vile vidonge vyeusi nilivizoa alfajiri, kabla hajafika. Banda linang'aa.