Chumba Chenye Dirisha la Mfereji

Olindo Vianello aliwaona kabla hawajamaliza kushuka ngazi za stesheni. Wageni wanaofika Venisi kwa mara ya kwanza hawajifichi. Wanatoka nje wakitafuta barabara, wanakuta maji, basi wanaganda hapohapo na masanduku yao, wakiwazibia njia watu wenye shughuli zao. Hawa walikuwa mzee na bibi, wote wana mvi, wameshikana mikono bila aibu. Bibi alivaa kofia mpya. Masanduku yao yalikuwa mawili, makubwa, ya watu waliokuja kukaa.

"Hao wangu," Olindo alijisemea.

Na alikuwa na haraka nao. Shangazi yake Tecla, mwenye nyumba ya wageni kule nyuma ya ghala la mashua, alikuwa amempa chumba cha juu kabisa, chenye dirisha linaloangalia mfereji, akae bure. Sharti lilikuwa moja tu: vyumba vingine vyote viwe na watu. Sasa chumba cha chini kilikuwa kitupu tangu kiangazi, na shangazi alishatamka kwamba kisipopata mtu kufikia Jumapili, Olindo abebe virago aende kwa shemeji yake huko Mestre. Mestre ni bara, ng'ambo ya daraja refu, ambako watu wanaamshwa na malori. Kwa mtu wa Venisi, kuhamia Mestre ni kama kuzikwa huku unatembea.

Ilikuwa Ijumaa, saa sita kasoro kidogo. Hizo ni enzi za kabla bahari haijawekewa mageti ya kuzuia mafuriko, wakati ving'ora vya mafuriko vilikuwa vinalia msimu mzima wa baridi. Gazeti la asubuhi lilikuwa limetangaza kwamba saa sita kamili vitajaribiwa. Wenyeji tulisoma, tukapindua ukurasa. Olindo alisoma, akachana nywele, akaenda stesheni.

"Karibuni, wazee wangu. Mmechagua hoteli mtaa gani?"

"Hapa," bibi alimwonyesha simu. "Karibu na kanisa kubwa. Tumegombana wiki nzima! Mimi Nives nataka karibu na maji, huyu Ermete anataka karibu na stesheni."

"Nilimwambia maji yako kila mahali," mzee alisema.

"Na mimi nikamwambia nataka ya kwangu."

Olindo alisoma jina la hoteli, uso ukamwanguka. Ana uso maalumu kwa kazi hiyo. Marehemu mama yake alikuwa akisema mtoto huyu angefanya vizuri sana kwenye mazishi.

"Mmeshalipa?"

"Tunalipa tukifika."

"Afadhali! Mtaa ule ndio wa kwanza kunywa maji. Kuna Mjerumani aliamka akakuta sanduku lake limetangulia kanisani."

Mzee Ermete alitazama anga. "Mbona leo kukavu?"

"Maji hayaji na matarumbeta, mzee wangu. Yanatanguliwa na king'ora. Kikilia, baada ya saa tatu hivi ni kuogelea."

King'ora kikalia. Kilianza chini, kikapanda, kikapanda tena, mpaka njiwa wakaruka. Olindo alifanya ishara ya msalaba polepole, maana haraka huharibu biashara.

"Mungu wangu!" alisema Nives, na badala ya kukimbia akainua simu. "Ngoja nirekodi, wajukuu wasikie." Akarekodi mpaka mlio wa mwisho.

"Naapa kwa kaburi la mama yangu," alisema Olindo, "maji yanakuja. Nifuateni."

Aliwapeleka kwa njia ndefu. Aliwapitisha sokoni, akawapitisha uwanja wa kanisa kubwa, akawapitisha daraja hili na lile ili waone kwamba nyumba ya shangazi iko karibu na kila kitu. Kwetu daraja ni ngazi za kupanda na za kushuka, na magurudumu ya sanduku hayajui ngazi. Mzee Ermete alishika kiuno kwenye daraja la kwanza.

"Mgongo, mwanangu. Umebeba ndama wengi huu."

Basi Olindo akabeba masanduku yote mawili mpaka mwisho wa safari, na kila daraja alilitukana kimoyomoyo kwa jina lake.

Chumba cha chini alikiita Chumba cha Gondola, kwa jina la zile mashua zetu nyembamba wanazopenda wageni. Mlango mmoja ulifunguka uani, wa pili ukafunguka kwenye vidato vilivyoshuka majini. Hakuna mwenyeji anayelala chini. Chini ni pa kuweka mashua, viazi na mipira ya kumwagilia. Nives alifungua ule mlango wa pili, akapiga makofi kwa furaha. Ermete alizunguka akikagua.

"Kitanda mbona kimewekwa juu ya matofali?"

"Ndivyo walivyolala matajiri wa zamani."

"Na ukuta? Mpaka hapa gotini rangi nyingine."

"Rangi mbili, mzee wangu. Mtindo wa kale."

"Na haya magambuti kabatini?"

"Zawadi ya nyumba."

Ermete alipapasa ukuta taratibu kama anapapasa kiuno cha ng'ombe mnadani. Kisha akasema, "Tunakichukua."

Jumamosi asubuhi wazee hao walisimama kwenye baa ya mtaani wakinywa kahawa, na Nives, ambaye hawezi kunyamaza mbele ya mtu mwenye masikio, alimhadithia muuzaji habari ya king'ora na maji ambayo hayakuja.

"Kile?" muuzaji alicheka. "Kilikuwa cha majaribio, mama. Na nyie nani kawapeleka pale? Olindo? Anawachuma kama zabibu! Yeye mwenyewe analala juu, dirisha zima la mfereji, bure."

Ermete alicheka mpaka kahawa ikampalia. Alikuwa dalali wa ng'ombe milimani maisha yake yote. Aliwahi kumuuzia padri ng'ombe kipofu, akamwambia mnyama huyu anainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

"Na leo kitoto kimeniingiza mjini!" alisema akifuta machozi. "Tena huku nikisingizia mgongo, nikidhani mimi ndiye ninayempunja kwa kumbebesha mizigo."

Nives hakucheka. "Ermete. Mume wangu wa kwanza, Mungu amrehemu, fungate yetu tulilala zizini kwa sababu ng'ombe alikuwa anazaa. Nimekungoja miaka mingi. Fungate hii nataka lile dirisha."

"Utalipata," alisema Ermete, akaomba ile simu.

Jumapili baada ya chakula, Olindo alikuwa ameweka miguu dirishani, glasi ya divai mkononi, akitazama mashua zinavyopita chini yake. Nyumba imejaa, shangazi ametulia, Mestre iko mbali. Ndipo king'ora kilipolia.

Hapa inabidi mtuelewe watu wa Venisi. King'ora kikilia, miguu hutangulia na akili hufuata baadaye. Muuza mboga aliinua makreti. Fundi viatu alipandisha viatu dukani rafu ya juu. Olindo, ambaye juzi tu aliuza mlio huohuo kwa mdomo wake, alikuwa ngazini kabla haujafika mlio wa tatu, kwa sababu kwenye stoo ya chini kulikuwa na injini ya mashua aliyoachiwa na baba yake. Hakuna hata mmoja aliyeinama kuchungulia kisima kilichokauka katikati ya uwanja, ambamo mlio ulikuwa unatoka ukiwa umenenepa.

Shangazi Tecla alishuka amevaa aproni na gambuti. Alimkuta Nives amekaa kitandani, miguu juu, rozari mkononi, anatetemeka vizuri sana.

"Kijana wako alituapia, mama," alisema kwa sauti ya kukatika. "King'ora, kisha maji. Kwa kaburi la mama yake."

"Mgeni hafi maji nyumbani kwangu!" Shangazi alinguruma. "Juu! Wote wawili, juu!"

Na juu kulikuwa na chumba kimoja tu ambacho hakina mgeni. Olindo alipokuwa anapanda na injini begani, jasho likimtiririka, alikutana ngazini na nguo zake zinashuka. Zilikuwa zimebebwa na Mzee Ermete, pamoja na viatu, redio na picha ya marehemu mama.

"Mgongo umepona, mzee wangu?"

"Hofu ni dawa, mwanangu."

Maji hayakuja. Majirani waliulaumu mwezi, wakarudi kwenye shughuli zao. Olindo peke yake alitembea uwanjani akikuna kichwa, mpaka alipoona Ermete anavuta kikapu kisimani kwa kamba, na ndani ya kikapu kuna simu. Alikimbia mpaka jikoni.

"Shangazi! Ilikuwa simu! Walirekodi kile cha majaribio, cha Ijumaa!"

Shangazi aliacha kukatakata vitunguu. "Kumbe cha Ijumaa kilikuwa cha majaribio?"

"Gazeti zima lilisema!"

"Na wewe ukawaapia wageni wangu mafuriko?"

Shangazi Tecla anaamini mpaka leo kwamba watu wanavuka dunia kwa ajili ya dagaa wake wa siki na vitunguu. Siku ile angejua kwamba huwa wanadanganywa, Olindo angelala Mestre usiku huohuo. Ermete, aliyekuwa amesimama mlangoni, akamwonea huruma, au akajifanya.

"Hapana, mama. Angejua asingeapa. Kijana mwaminifu huyu. Labda alisoma gazeti baadaye."

"Nilisoma baadaye, shangazi," alisema Olindo.

Nives alikuwa ameshatundika nguo zake na kuweka chungu cha maua dirishani. Ermete alilipa mpaka Pasaka.

"Na mimi nitalala wapi?" aliuliza Olindo.

"Cha chini kiko kitupu," alisema shangazi. "Kijaze wewe. Siku nikipata mgeni wa kukichukua, unakwenda kwa shemeji yako."

Basi mtaalamu wetu wa mitaa ya hoteli akahamia Chumba cha Gondola, na kuanzia siku hiyo hakukanyaga stesheni. Wiki ya pili, adhuhuri, king'ora kikalia tena. Miguu ilianza kwenda, safari hii akili ikaiwahi. "Mzee Ermete!" alipaza sauti akicheka. "Simu hiyo haina wimbo mwingine?" Akajigeuza upande wa pili, akasinzia.

Aliamshwa na kiatu kilichogonga tofali la kitanda kikielea. Alishuka, maji yakamfika gotini, pale pale rangi inapobadilika. Kabatini magambuti hayakuwemo. Ermete alishayachukua kama zawadi ya nyumba. Olindo alitoka mpaka mlangoni na godoro kichwani, akakuta, juu ya mbao zinazotandazwa njiani wakati wa mafuriko, mume na mke vijana, na masanduku, wanamtazama.

"Samahani," alisema binti. "Tunatafuta hoteli, ndiyo mara yetu ya kwanza. Hapa ni mtaa mzuri?"

Ulimi wa Olindo ulishaanza kulainika kwa mazoea. Kisha akakumbuka malori ya Mestre, na kwa mara ya kwanza tangu alipobatizwa, akamwambia mgeni ukweli.

"Msikae hapa, jamani. Maji yanaingia ndani. Nendeni karibu na kanisa kubwa, kwenye hoteli ya maana. Naapa kwa kaburi la mama yangu."

Binti alimvuta mumewe pembeni, lakini sauti yake ilisikika mpaka dirisha la juu.

"Usimsikilize! Ndivyo matapeli wa hapa wanavyofanya, wanakutisha na mafuriko ili wakupeleke kwao. Halafu ona, maji mpaka kitandani! Si ndicho tulichokuja kukitafuta?"

Shangazi Tecla aliwafungulia mlango yeye mwenyewe. Wakalipa mwezi mzima.

"Nyumba imejaa, Olindo," alisema akimpigapiga begani. "Kazi nzuri."

Maji yalipopungua jioni, Olindo alivuka daraja refu kwa basi, injini ya baba yake mapajani. Kutoka dirisha la juu Nives alikuwa amempungia leso mpaka alipopotea kwenye kona. Huko Mestre shemeji yake amempa chumba kinachoangalia kituo cha mafuta, na akiulizwa hali, Olindo anajibu kwamba hana malalamiko, chumba ni kikavu kabisa.