Kabureta ya Mamasoli na Ile Herufi O

Duniani kuna watu wawili tu wanaoijua kabureta: aliyeibuni, na Mamasoli wa mtaani kwetu hapa Rishton. Na huyo aliyeibuni, kwa maelezo ya Mamasoli, alikosea sehemu mbili tatu!

Mimi ni jirani yake, ukuta wangu na wake ni mmoja, kwa hiyo sisimulii ya kuambiwa. Harufu ya petroli niliinusa kwa pua yangu hii hii wiki tatu mfululizo, hadi mke wangu akaniuliza siku hizi nakunywa nini.

Chanzo ni pikipiki. Mamasoli aliachiwa na shemeji yake pikipiki la zamani, la enzi za Wasovieti, lenye kigari cha ubavuni, la kubebea majani ya ng'ombe na matikiti. Likinguruma, kuku wa mtaa mzima wanasahau kutaga! Nalo lilikuwa na tabia moja. Likiwa linatembea, kabureta haivuji hata tone. Ukilizima tu, inaanza kulia: ti, ti, ti, mpaka chini panakuwa dimbwi.

Mtu mwingine angemwita fundi. Mamasoli? Thubutu!

"Fundi!" alifoka nilipomshauri. "Qobil, ndugu yangu, serikali ilipoacha herufi za kale za Kirusi na kuleta hizi za Kilatini, mabango ya mji huu aliyachora upya nani? Nani alipanda ngazi akaandika duka la dawa, kinyozi, ofisi ya posta? Mimi! Mtu aliyeufundisha mji mzima kusoma ashindwe na kidude cha bati?"

Mabango na kabureta vinahusiana wapi sikuona, lakini Mamasoli akishika hewa huwezi kumpokonya.

Basi akaifungua kabureta juu ya kile kitanda cha uani tunachonywea chai. Akatoa boya, akalitikisa sikioni kama anayekagua yai viza. Akatoa sindano inayoziba njia ya mafuta, akaipuliza, akaisuta kwa maneno makali, akairudisha. Akakaza kila kitu. Skrubu moja ikabaki.

"Hiyo ni ya akiba," akasema, akaitia mfukoni.

Kabureta ikaendelea kulia. Akaipaka sabuni. Ikalia. Akaifunga kitambaa. Ikalia ndani ya kitambaa. Mwisho akatega bakuli la kunywea chai chini yake, mpaka siku mzee mmoja wa mtaa alipoliokota akidhani amekaribishwa. Bahati yake hakuwa na mafua!

Cha ajabu, kila Mamasoli akiingia ndani kula chakula cha mchana, matone hukoma yenyewe.

"Unaona?" alinitambia. "Nimeikaripia, imesikia. Mashine ni kama mtoto. Inataka mzazi."

Hayo yote yangebaki kuwa vichekesho vya mtaa, kama isingekuwa posa ya Hulkar.

Hulkar ni binti yake wa pekee, anauza dawa kwenye lile duka lenye bango la baba yake. Msichana mtulivu, mwenye macho yanayoona. Alipendana na kijana wa kijiji cha Oqyer, kilomita tisa kutoka kwetu, na wazazi wakakubaliana. Lilibaki jambo moja tu: kuvunja mkate. Mkubwa wa upande wa kijana anakuja nyumbani kwa binti, anaushika mkate mbele ya watu, anaumega vipande viwili, na hapo maneno yamekwisha, binti ana mwenyewe. Mkate usipovunjwa, hakuna posa, na msichana anabaki gumzo la mtaa mpaka nywele ziote mvi.

Mkubwa wao alikuwa Bibi Anzirat, nyanya wa kijana, mwanamke wa miaka sabini na mitano, mfupi, mwenye sauti ya chini ambayo watu hujikuta wameitii. Yeye alitaka kuja na wenzake kwenye gari lao la abiria, katikati ya masinia ya halua. Mamasoli akaingilia.

"Mama mzima abanwe na masinia? Haiwezekani! Nitamfuata mimi mwenyewe, na pikipiki langu! Atakaa kwenye kigari kama malkia!"

Mkewe, Tojixon, alimkanyaga mguu chini ya meza. Mamasoli alidhani ni paka.

Siku ilipofika akaniomba nipande nyuma yake, niwe shahidi wa ushindi. Tulimkuta Bibi Anzirat langoni kwao, amejitanda shali nyeupe, viatu vyake vya mpira vinang'aa, furushi la mikate kifuani. Akaingia kigarini bila kusaidiwa. Mamasoli akainama, akazungusha kitu chini ya tangi, akapiga kiki, na pikipiki likanguruma. Tukaondoka kwa fahari! Watoto wanapunga mikono, aprikoti zimeanikwa juu ya mapaa, upepo mzuri.

Kilomita moja baadaye, puf. Likazimika.

"Limekufa, mwanangu?" akauliza bibi.

"Halijafa, mama. Linapumzika. Mashine kubwa lazima zipumzike."

Akazungusha tena kile kitu. Tukangoja. Ti, ti, ti, mafuta yakaanza kudondoka. Akazungusha, akapiga kiki, tukaondoka. Kilomita moja. Puf. Akazungusha, tukangoja, ti, ti, ti. Kiki. Kilomita moja. Puf!

"Mwanangu," akasema bibi kituo cha tatu, "ng'ombe wangu hupumzika mara mbili kwa siku. Huyu wako amepumzika mara tatu, na mimi bado nauona mnara wa maji wa kwetu."

"Ni utaalamu huo, mama. Tazama!" Mamasoli akamwonyesha koki ya mafuta chini ya tangi, yenye kishikio cha kuzungusha na alama mbili. "Hapa pameandikwa tatu. Maana yake mafuta mwendo wa tatu, kasi kamili. Nikiendesha naweka hapo. Na hapa pana O. O ni *o'chiq*, imezimwa. Nikisimama naweka O, mafuta yafunge. Sayansi tupu!"

"Na hayo yanayodondoka?"

"Jasho, mama."

Bibi Anzirat akainamisha shingo, akaitazama ile koki kwa muda mrefu. Kisha akamtazama Mamasoli kwa muda mrefu zaidi.

"Binti yako," akasema taratibu, "amefanana na nani?"

Wallahi nilitaka kumziba Mamasoli mdomo kwa kofia yangu. Nilichelewa.

"Sura ya mama yake," akasema Mamasoli, kifua mbele, "lakini kichwa, mama, kichwa ni changu kabisa! Nakala!"

Bibi akafumba macho.

"Mtoto wa nyoka ni nyoka," akanong'ona. Kisha akanigeukia mimi. "Qobil, basi la kurudi Oqyer hupita hapa saa ngapi?"

Mikate ilikuwa mapajani mwake, na mkate ambao haujavunjwa miguu yake ni myepesi kurudi ulikotoka. Nikamwona Hulkar mbele ya macho yangu, amekaa chumba cha ndani na gauni lake jipya, hajui kwamba maisha yake yanaamuliwa kando ya barabara na kabureta.

"Bibi, basi limeshapita," nikadanganya. Mungu anisamehe.

"Haya," akasema. "Twende tukaione hiyo nakala."

Tulipumzika mara nyingine tano. Kituo cha sita mwenye punda alitupita akatupa pole. Kituo cha saba alitupita tena, maana alikuwa amesimama kunywa chai! Mita hamsini za mwisho pikipiki lilikataa kabisa, nami nikalisukuma, Mamasoli akiwa amekaa juu, kashika usukani, anapiga honi ili mtaa ujue wageni wamefika.

Uani palijaa. Wageni wa Oqyer walikuwa wamekaa tangu asubuhi, wali wa karoti umeshaanza kupoa, wazee wanatazama jua. Mamasoli akaliegesha pikipiki katikati ya uwanja, akazungusha koki kwenye O kwa mbwembwe, akafungua mikono.

"Malkia amefika!"

Ti, ti, ti, ti. Mafuta yakamwagika kwa nguvu kuliko siku zote.

Hapo ndipo Tojixon alipotoka jikoni kumpokea mgeni kama inavyotakiwa. Kwetu mgeni mkubwa hapokelewi mikono mitupu. Hupokewa kwa isiriq, majani makavu ya kufukizia husuda, yanawekwa juu ya makaa kwenye kikaango, na moshi unazungushwa kumzunguka mgeni na chombo alichojia. Tojixon, maskini, alikuwa amepika tangu alfajiri, pua imejaa vitunguu na mafuta ya kondoo. Hakunusa kitu. Akaja anatabasamu, kikaango kinafuka, makaa mekundu yanang'aa, akiomba dua, moja kwa moja kuelekea kwenye dimbwi.

Nilifungua mdomo. Sauti haikutoka. Niseme kweli, miguu ndiyo iliyotoka, tena kinyumenyume.

"Mama, simama hapo hapo!"

Ni Hulkar! Siku hiyo mchumba hutakiwa ajifiche, asionekane, asisikike, akitikisa kichwa iwe kwa haya. Huyu alikuja mbio, peku, gauni kalikunja mkononi. Akapokonya birika la chai mkononi mwa mzee wa Oqyer, akalimimina lote juu ya kikaango. Shhhh! Makaa yakazimika. Akaruka dimbwi, akainama chini ya tangi, akazungusha koki kutoka O mpaka tatu.

Matone yakapungua. Yakakoma.

Yule mzee bado alikuwa ameushika mkono hewani kama mwenye birika. Mchumba amekimbia peku mbele ya wakwe, na moshi wa baraka ameuzima kwa chai! Tojixon alishika mashavu. Mimi nilitazama mikate.

"Hulkar!" Mamasoli akapiga kelele. "Umeweka mwendo wa tatu! Litalipuka!"

"Wewe binti," akasema Bibi Anzirat kutoka kigarini. "Njoo hapa."

Hulkar akasogea, macho chini.

"Umefanya nini?"

"Nimefunga mafuta, bibi."

"Baba yako anasema kufunga ni O."

Hulkar akaielekeza koki kidole. "Hizo ni herufi za kale, bibi, za Kirusi. Dukani tuna maboksi mengi ya dawa yameandikwa hivyo. O ni *otkrito*, wazi. Na hii si tatu. Ni Z ya kale, huandikwa mfano wa tatu. *Zakrito*, imefungwa."

Jamani! Hata kwa lugha yetu wenyewe, *ochiq* ni wazi, na *o'chiq* ni kuzimwa, na kinachoyatenganisha ni kimkia kidogo tu juu ya herufi ya kwanza. Mchora mabango wetu aliuona huo mkia mahali usipokuwepo! Kwa hiyo wiki tatu nzima mtu huyu aliendesha akiwa amefunga mafuta, mpaka kabureta inakauka, puf. Na akisimama anayafungulia yote yamwagike. Na msinicheke mimi. Herufi za kale nilizisoma miaka kumi shuleni, ila sikuwahi kuinama nikatazama.

"Umelijua hili tangu lini?" akauliza bibi.

"Tangu siku ya kwanza. Mchana narudi kutoka dukani; baba akiingia kula, natoka naifunga koki."

"Na hukumwambia?"

"Nilimwambia, bibi. Akasema yeye ndiye aliyeufundisha mji kusoma."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mzee wa birika alicheka mpaka akakaa chini. Tojixon alijificha uso kwa kitambaa, lakini mabega yalimsaliti.

Bibi Anzirat akatoka kigarini, akajikung'uta shali.

"Miaka ishirini na miwili niliendesha trekta la pamba," akasema. "Koki hiyo niliielewa kituo cha tatu. Nikanyamaza. Nilitaka kuona kama nyumba hii ina mtu au haina." Akaipigapiga kabureta kwa ukucha. "Na sindano ya humu imelika. Ingekuwa nzima, ingezuia mafuta hata koki ikiwa wazi. Fundi aibadilishe. Fundi, nimesema."

"Ndiyo, mama," akasema Mamasoli. Sikuwahi kumsikia akisema maneno mawili tu.

Bibi akafungua furushi, akachagua mkate wa juu, mkubwa, wenye ufuta. Akamtazama Hulkar aliyesimama peku na chai ikimchuruzika kwenye gauni. Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Oqyer.

"Huyu ni wetu," akasema, na kraa! Mkate ukawa vipande viwili. Wanawake wakapiga vigelegele, wazee wakainua mikono kuomba dua, na mimi, sioni aibu kusema, machozi yalinitoka. Petroli labda.

Ndipo Mamasoli akapata nguvu. Akasogea katikati, akaiweka kofia yake sawa, kifua kikarudi mahali pake.

"Si niliwaambia?" akapaza sauti. "Si niliwaambia njiani? Kichwa changu hicho! Amerithi kwangu!"

Bibi Anzirat akasimama, kipande cha mkate mkono huu, kipande mkono huu.

"Mwanangu," akasema kwa ile sauti yake ya chini, "rudia neno hilo mara moja tu, na huu mkate naugundisha tena."